Mstari Katikati ya Barabara: Mwongozo kwa Mzazi Anayesubiri Nafasi ya Shule ya Kati Marekani

Barua inafika kimyakimya. Bahasha ya wilaya ya shule, karatasi mbili, ramani yenye rangi tano, na chini kabisa sentensi moja: kuanzia Agosti, watoto wa mtaa wako wanaomaliza darasa la 5 watakwenda shule nyingine ya kati, siyo ile waliyosoma kaka na dada zao. Mpaka mpya umepita katikati ya barabara. Nyumba za namba shufwa zimebaki, za namba witiri zimehamishwa. Kufikia jioni, kundi la WhatsApp la wazazi lina ujumbe mia mbili na watu wawili wameshajitoa.

Jambo hili nimelikalia pande zote mbili. Kwanza nilikuwa mzazi mwenye hasira, baadaye nikawa mjumbe wa kamati ya wazazi iliyokodolea ramani macho kwa miezi saba. Nilichojifunza ndani ya kamati ni kwamba kelele huwa zinachelewa. Usiku bodi ya shule ilipoipigia kura ramani, watu walijaa ukumbi hadi wengine wakasimama kwenye korido. Miezi mitano kabla, siku tulipokubaliana ni vigezo gani vitaongoza kalamu, tulikuwa wazazi wanne na fundi wa maikrofoni. Mstari ulichorwa siku ile ya watu wanne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kufika mapema, ukiwa umebeba swali sahihi.

Hatua ya 1: Tenganisha mipaka miwili

Wengi huichanganya, na kuichanganya huwapotezea muda ambao hawana.

Mpaka wa kwanza ni wa wilaya ya shule, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita distrikti. Marekani ina wilaya kama hizo zipatazo 13,000, kila moja ina uongozi wake, na nyingi hutegemea sana kodi ya majengo ya eneo lake. Mpaka huu si lazima ulingane na mpaka wa jiji. Barua zako zinaweza kuandikwa jina la mji mmoja na mtoto wako akahesabiwa katika wilaya ya mji wa jirani. Huu ni ukuta wa mawe. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuzilazimisha wilaya za vitongoji vya Detroit kuingia katika mpango wa kuondoa ubaguzi katika shule za jiji. Tangu hapo mpaka wa wilaya umekuwa mgumu sana kuvukwa kwa amri ya mahakama.

Mpaka wa pili uko ndani ya wilaya yenyewe. Ndio unaosema mtoto wa nyumba hii ataandikishwa shule ipi. Huu ni ua wa fito: bodi ya shule, yaani wajumbe wanaoiongoza wilaya, inaweza kuusogeza kwa kura ya usiku mmoja. Kwa shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8 katika wilaya nyingi, mpaka huu mara nyingi hufuata shule za msingi. Shule tatu au nne za msingi humimina watoto wao katika shule moja ya kati, na huo ndio mkondo. Ugomvi mkubwa huzuka pale shule moja ya msingi inapopasuliwa mikondo miwili, maana watoto waliokaa dawati moja tangu chekechea hutenganishwa wakiwa na miaka 11, umri ambao rafiki ana uzito kuliko mwalimu, na pengine kuliko mzazi.

Fungua tovuti ya wilaya, andika anwani yako mahali pa kutafutia shule, kisha piga simu ofisi ya uandikishaji wakuthibitishie. Usitosheke na tovuti ya dalali wa nyumba. Dalali anauza nyumba, na ramani yake inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Uliza pia kama wilaya yako inatumia mipaka kwa shule za kati hata kidogo, kwa sababu si zote zinazotumia. Wilaya ya 15 ya Brooklyn, New York, inayojumuisha Park Slope, Red Hook na Sunset Park, iliwaachia wazazi wapange shule kwa upendeleo wao, na shule nazo zilikuwa zikichuja watoto kwa alama na mahudhurio. Mwaka 2018 mchujo huo ulifutwa, na watoto wa darasa la 6 walioanza mwaka 2019 waligawiwa kwa bahati nasibu. Asilimia 52 ya nafasi katika kila shule zilitengewa kwanza watoto wa familia zenye kipato kidogo, wanaojifunza Kiingereza, au wasio na makazi ya kudumu. Kama unaishi mahali pa namna hiyo, kazi yako ni fomu na tarehe ya mwisho ya kuirudisha, wala si mpaka.

Hatua ya 2: Panga karatasi zako

Hapa nitapita haraka, maana orodha iko kwenye tovuti ya kila wilaya: cheti cha kuzaliwa au karatasi nyingine inayoonyesha umri, kadi ya chanjo, na uthibitisho wa makazi kama mkataba wa kupanga nyumba pamoja na bili ya umeme au maji. Majimbo mengi hudai chanjo ya nyongeza ya pepopunda, dondakoo na kifaduro mtoto anapoingia darasa la 6 au la 7. Watu huisahau, halafu siku ya kwanza ya shule mtoto anarudishwa nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo ofisini huenda wasikuambie usipouliza.

La kwanza, hali ya uhamiaji haihusiki. Tangu kesi ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu yeye au wazazi wake hawana vibali. Shule haipaswi kufanya namba ya hifadhi ya jamii kuwa sharti la kumwandikisha. Kisanduku hicho kwenye fomu, kiache wazi.

La pili ni kwa wanaoishi kwa ndugu. Ukipoteza nyumba, au fedha zikakwama, ukajibanza na familia nyingine kwenye vyumba viwili, sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inakuhesabu miongoni mwa wasio na makazi. Neno hilo linaudhi, najua. Hakuna anayependa kuitwa hivyo wakati amelala kwa dada yake. Limeze. Chini ya sheria hiyo mtoto huandikishwa papo hapo hata karatasi zikipungua, ana haki ya kubaki shule aliyokuwa akisoma ikiwa ni kwa manufaa yake, na wilaya inapaswa kumpatia usafiri ukiuomba. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza jambo linalogusa shule ya kati moja kwa moja: mtoto akimaliza darasa la mwisho la shule yake ya msingi, haki hiyo inamfuata hadi shule ya kati iliyo kwenye mkondo wa shule ile. Kila wilaya ina afisa anayeshughulikia familia hizi. Muulizie kwa jina la sheria hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta kwa nini mstari unasogea

Hapa ndipo pa kukaa. Mzazi asiyejua sababu huenda bodini kulia, na mwenye kuijua huenda kudai hesabu.

Sababu ya kawaida kabisa ni idadi ya watoto na ukubwa wa jengo. Kila shule ina namba inayoitwa uwezo wa jengo. Chukua mfano wa kubuni. Shule ya kati ya Mashariki ina uwezo wa watoto 900 na imeandikisha 1,020, yaani asilimia 113; chakula cha mchana kinaanza saa nne na nusu asubuhi ili zamu zitoshe, na nyuma ya uwanja kuna madarasa ya trela. Shule ya Magharibi ina uwezo wa 850 na ina watoto 640, asilimia 75. Walimu wake wanapunguzwa kila mwaka na somo la bendi limefutwa. Ukihamisha mtaa wenye watoto 120, Mashariki inashuka hadi 900 kamili na Magharibi inapanda hadi 760, karibu asilimia 89. Ndivyo mtaa wako unavyogeuka kuwa namba 120 kwenye jedwali la mtu ambaye hajawahi kuupita.

Basi uliza namba hizo zimetoka wapi. Uwezo wa jengo haupimwi kwa futi tu. Chumba cha darasa la kawaida huhesabiwa watoto wengi, lakini kikitumika kwa elimu maalumu au kwa watoto wanaoanza Kiingereza, kinahesabiwa wachache. Kwa hiyo uwezo wa shule hupanda au kushuka bila tofali moja kuongezwa. Uliza kama trela zimehesabiwa. Uliza makadirio ya miaka mitano ijayo yalifanywaje, kwa sababu huchanganya idadi ya waliozaliwa, watoto wanaopanda darasa kila mwaka, na nyumba mpya zinazojengwa. Hapo kwenye nyumba mpya ndipo makosa hujificha. Jengo la maghorofa lenye nyumba za chumba kimoja kimoja huleta watoto wachache sana, wakati mtaa wa nyumba za familia huleta wengi. Kamati yetu ilikuta jengo zima la wazee limehesabiwa kama litaleta watoto wa shule ya kati, na aliyeligundua ni mama mmoja anayefanya usafi humo. Hakuwa na shahada ya takwimu. Alikuwa na funguo za jengo.

Sababu nyingine ni fedha za usafiri, kufunguliwa au kufungwa kwa shule, na mchanganyiko wa wanafunzi kwa rangi na kipato. Hii ya mwisho watu huizungumza kwa mafumbo. Watasema "shule nzuri," "usalama," "desturi ya mtaa wetu," na wote ukumbini wanajua kinachosemwa. Historia yake ni ndefu. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa lililoiona hatari kukopesha, nayo mitaa waliyoishi watu weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mahali. Mahali mtoto aliposoma palifuata mahali alipoishi. Hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Brown ya mwaka 1954 ilipiga marufuku kutenganisha watoto kwa rangi kisheria, lakini mistari ya mitaa haikufutika kwa hukumu. Na mwaka 2007, katika kesi iliyohusu Seattle na Louisville, Mahakama ya Juu ilizuia wilaya kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kutazama rangi yake. Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliacha mlango wazi: wilaya inaweza kuchora mipaka ikizingatia kwa ujumla ni watu gani wanaishi katika mitaa. Ndiyo maana ripoti nyingi leo hazitaji rangi, zinataja asilimia ya watoto wanaopata chakula cha bure.

Kisha kuna bei ya nyumba, ambayo hakuna anayeitaja kwenye maikrofoni na kila mtu anaijadili kwenye maegesho ya magari. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alilinganisha nyumba zilizokaribiana lakini zimetenganishwa na mpaka wa shule ya msingi huko Massachusetts. Alikuta kwamba alama za mtihani zikipanda kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Jirani yako aliyenunua nyumba juzi ana mkopo wa miaka 30 shingoni. Ukilijua hilo, utamwelewa anapopandisha sauti. Si lazima ukubaliane naye.

Hatua ya 4: Pata kalenda

Kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya miezi sita na mwaka. Bodi huagiza mapitio, vigezo vinapitishwa, rasimu za ramani hutoka, wazazi hutoa maoni, mkurugenzi wa wilaya hupendekeza, bodi inapiga kura, na mpaka mpya huanza mwaka wa shule unaofuata.

Vigezo ndivyo vya kuvizia. Ni orodha fupi: umbali, idadi, kutopasua shule za msingi, mchanganyiko wa kipato, kutomhamisha mtoto yuleyule mara mbili. Kila kigezo ni kizuri peke yake. Tatizo ni kipi kitashinda viwili vikigombana. Kigezo cha kutembea kwa miguu kikiwa juu, mtaa ulio ng'ambo ya barabara kuu utahama. Kigezo cha kutopasua shule kikiwa juu, mtaa huohuo utabaki. Mkienda wazazi kumi kwenye kikao cha vigezo na ombi moja, mna nguvu kuliko watu wote watakaojaa ukumbi siku ya kura.

Andikisha barua pepe yako kwenye orodha ya matangazo ya wilaya leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Ratiba za vikao lazima zitangazwe kabla, na kumbukumbu za kamati unaweza kuziomba kwa maandishi chini ya sheria ya jimbo lako ya kumbukumbu za umma.

Kama Kiingereza chako kinakwama, omba mkalimani. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwapa wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa, wajibu unaotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Omba kwa barua pepe siku kadhaa kabla, taja Kiswahili, na useme ni cha wapi ikiwa inakusaidia. Mara moja tuliletewa kijana wa Mombasa atafsirie akina mama wa Uvira, Kongo, na dakika kumi za kwanza ziliishia kwenye kuulizana maneno na kucheka. Usikubali mtoto wako wa darasa la 5 awe mkalimani katika kikao kinachojadili shule yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Zungumza na majirani kabla hamjawa kambi mbili

Mwaka 2019 Kaunti ya Howard, Maryland, ilipanga upya mipaka ya shule zake, na Novemba bodi ikapiga kura ya kuhamisha maelfu ya watoto. Kaunti hiyo inajulikana kwa mji wa Columbia, uliojengwa miaka ya 1960 kwa nia ya watu wa rangi na vipato mbalimbali kuishi pamoja. Hata huko wazazi waliandamana na mabango. Kwa hiyo usidhani mtaa wako una watu wabaya kuliko wengine.

Kinachowatenga watu mara nyingi ni sentensi moja iliyoandikwa usiku. Mtu anaandika kundini, "Sitaki mtoto wangu apelekwe kule." Na kundini humo yumo mzazi ambaye mtoto wake anasoma kulekule. Huyo hatajibu. Atanyamaza, na siku mtakapomhitaji hatakuwepo.

Nilifanya kosa hilohilo kwa mdomo, nje ya duka, mbele ya mama wa watoto watatu tuliyekuwa tukisalimiana kila Jumamosi. Aliniuliza taratibu, "Sasa wewe baba, hiyo shule umeshaingia ndani?" Sikuwa nimeingia. "Mimi naingia kila siku. Njoo Jumatano." Nilikwenda. Mwalimu wa hisabati alikuwa bora kuliko yeyote niliyemwona shule yetu, na choo cha wavulana kilikuwa hakifungi mlango. Yote mawili nilipaswa kuyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tembeleeni shule zote mbili, wazazi wa pande zote pamoja, siku ya masomo na siyo siku ya maonyesho. Ulizeni walimu wangapi waliondoka mwaka jana, hisabati ya juu inafundishwa darasa la ngapi, mtoto anayejifunza Kiingereza anapata msaada saa ngapi kwa wiki, na kama kuna basi la jioni kwa wanaobaki kwa michezo. Nyota na namba mnazoziona mtandaoni hutegemea sana alama za mitihani, na alama hufuata sana kipato cha familia. Zinakueleza zaidi kuhusu nyumba zinazoizunguka shule kuliko kinachofanyika darasani.

Kisha mkubaliane jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kulitetea. Sisi tulishindwa kukubaliana juu ya ramani, lakini wote tulitaka watoto wa darasa la 7 wanaopanda la 8 waachwe wamalizie walipo, na taa za kuvukia ziwekwe kwenye barabara kuu. Barua moja, sahihi kutoka pande zote mbili za mstari. Bodi imezoea kuona mitaa ikivutana, kwa hiyo barua ya namna hiyo huisoma mara mbili.

Na katika kundi la WhatsApp, mchague mtu mmoja mwenye moyo mpole awe mwenye funguo. Saa tatu usiku afunge.

Hatua ya 6: Dakika zako mbili

Bodi nyingi humpa msemaji dakika mbili au tatu. Jiandikishe mapema, maana orodha hujaa. Huhitaji kuwa raia ili kusema. Kupiga kura ya kuchagua bodi ni jambo jingine: kama hujapata uraia, usijiandikishe kupiga kura kwa sababu tu mtu mlangoni amekupa fomu na kalamu, kwani kosa hilo linaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji.

Andika maneno yako, uyasome kwa sauti, upunguze. Tumezoea kuanza na salamu kwa kila aliyeketi meza kuu, shukrani, na habari za safari. Ukifanya hivyo kengele italia hujafika kwenye hoja. "Habari za jioni, naishi barabara fulani, nina mtoto wa darasa la 5" yanatosha. Halafu sema jambo moja, namba moja, na ombi moja linaloweza kupigiwa kura. Kwa mfano: ramani B inawavusha watoto wa mtaa wetu barabara ya njia sita isiyo na mvushaji, mkiipitisha, tunaomba waendelee kupewa basi hata kama wako ndani ya umbali wa kutembea. Ombi hilo mjumbe anaweza kuliandika na kulipendekeza papo hapo. "Watoto wetu wanateseka" hawezi kulipigia kura.

Usiitaje shule ya pili kwa ubaya. Kuna mtoto wa shule hiyo ameketi nyuma yako na mama yake.

Hatua ya 7: Kura imepita na umeshindwa

Soma azimio lenyewe, siyo muhtasari wa kundini. Tafuta nani ameruhusiwa kubaki. Mara nyingi ni wa darasa la 8, pengine na wadogo zao, lakini kwa kawaida bila basi. Nafasi isiyo na basi ni nafasi ya mwenye gari na mwenye bosi mwelewa. Piga hesabu ya asubuhi zako kabla ya kuishangilia.

Omba uhamisho wa ndani ya wilaya, ukitoa sababu ambayo sera yao inaitambua: ndugu aliye shuleni tayari, malezi ya baada ya masomo, afya, au somo lisilopatikana shule ya pili. Kama mtoto ana mpango wa elimu maalumu, ule uitwao IEP, itisha kikao cha timu yake sasa, uulize kila huduma iliyoandikwa itatolewa na nani katika shule mpya. Vivyo hivyo kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Darasa la wageni wapya huwa katika shule chache tu, na mpaka ukihama darasa halihami nao.

Nje ya hapo kuna shule za magneti (za umma, zenye mkazo wa somo fulani) na za chata (za umma, lakini zinazojiendesha zenyewe), ambazo nyingi hutumia bahati nasibu, na katika baadhi ya majimbo kuna ruhusa ya kujiandikisha wilaya nyingine kabisa. Minnesota ilianza mpango huo mwishoni mwa miaka ya 1980, na tarehe yake ya mwisho ya kuomba ni Januari 15 kwa mwaka wa shule unaofuata. Angalia ya jimbo lako. Tarehe hizi hupita wakati watu bado wanagombana juu ya ramani.

Njia moja usiifuate: anwani ya shemeji. Najua inavyosemwa, "kila mtu anafanya." Wilaya nyingi zina namba ya simu ya kuchongea, na baadhi hutuma watu kufuatilia gari lako asubuhi. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alifungwa siku tisa kwa makosa yaliyotokana na kuandikisha binti zake wilaya ya jirani kwa anwani ya baba yake. Gavana alimpunguzia uzito wa makosa mwaka huohuo, lakini jela alikuwa ameshalala. Kama mtoto kweli anaishi kwa bibi yake, uliza fomu ya kiapo au ya ulezi, uijaze wazi. Kama haishi huko, usiandike.

Hatua ya 8: Mtayarishe anayekwenda

Wakati sisi tukibishana kuhusu asilimia na mistari, sikuwahi kumuuliza mwanangu anaogopa nini. Nilikuja kumuuliza Julai, tukiwa garini. Nilidhani atasema marafiki. Akasema kufuli.

Shule za kati nyingi humpa mtoto kabati la chuma kwenye korido, lenye kufuli ya kuzungusha namba: kulia, kushoto ukipita namba mara moja, kulia tena. Muda wa kubadilisha darasa ni dakika chache, na kabati lisipofunguka unachelewa mbele ya watoto 30 usiowajua. Alikuwa amelala na wazo hilo tangu barua ilipofika.

Nunua kufuli ya namna hiyo mwezi mmoja kabla. Ining'inize kwenye mpini wa mlango wa jikoni, umwache aifungue kila anapopita. Wiki ya kabla ya kufungua, omba ofisi iwaruhusu kuingia jengo likiwa tupu, mtembee na ratiba yake kutoka darasa hadi darasa, mtafute choo, mtafute chumba cha chakula. Tembeeni pia njia ya kituo cha basi, saa ileile ya asubuhi, gizani kama ni gizani. Mwanangu siku hiyo alifungua kabati lake mara ya pili alipojaribu, akalifunga, akalifungua tena, akaniomba nisogee pembeni ili aone anaweza bila mimi kutazama.